Muziki wa klasiki kwa ibada ya ndoa: shajara ya kuchagua, kupima na kukata

8 Februari: Kazi imeanza

Kaka anaoa, na wifi anataka ibada ya mtindo wa zamani: muziki wa klasiki tangu wageni wanapoketi hadi maharusi wanapotoka, bila wimbo hata mmoja wa redioni. Kazi imeniangukia mimi kwa sababu nilijifunza piano utotoni, sifa ambayo kwenye ukoo wetu inatosha kabisa. Nitaandika kila hatua ikikamilika, ili mwenye kazi kama hii achukue kilichofaa na aruke kilichoharibika.

Kabla ya kusikiliza chochote nilimwomba kiongozi wa ibada ratiba. Nafasi za muziki ni tano: wageni wakiingia, wapambe wakiingia, bibi harusi akiingia, maharusi wakitia sahihi, na kutoka. Watu wengi huanza na orodha ya vipande wanavyovipenda halafu wakahangaika pa kuvipachika. Mimi nimeanza na nafasi, kila moja na dakika zake.

Niliuliza pia kisichoruhusiwa. Usiliache swali hili kwa ajili ya baadaye. Yapo makanisa yasiyopokea muziki wa opera (tamthilia ya kuimbwa), na kwa Wakatoliki wakati wa Kwaresima ala hupigwa kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa siku chache maalumu. Kwetu jibu lilikuwa jepesi: muziki usio na maneno hauna shida, wenye maneno uonyeshwe kwanza.

15 Februari: Mita na sekunde

Wifi alikuwa ameshachagua kipande cha kuingilia, Kanoni ya Pachelbel katika ufunguo wa Re, yaani nota ya Re ndiyo nyumbani kwake. Sikubishana. Nilikwenda kanisani na simu yenye saa ya kuhesabu.

Njia ya katikati ina kama mita 25. Mwendo wa bibi harusi mwenye gauni refu, aliyeshikana mkono na baba yake, ni kama nusu mita kwa sekunde. Hiyo ni sekunde 50. Kanoni nzima huchukua dakika nne hadi tano na zaidi, kutegemea mpigaji.

Tatizo linaonekana ukiangalia kilivyoundwa. Chini kuna besi ya nota nane tu, zilezile, inayozunguka mara 28 bila kubadilika. Mzunguko wa kwanza ni besi peke yake. Wa pili inaingia fidla ya kwanza, wa tatu fidla ya pili ikirudia kilichopigwa na mwenzake, wa nne fidla ya tatu. Kwa mwendo wa mapigo 50 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 9.6. Bibi harusi anafika mbele mzunguko wa tano ukiishia, fidla ndiyo kwanza zimekusanyika, na ile sehemu ya mbio ambayo kila mtu huisubiri haijafika.

Kwa hiyo Kanoni haitaanza na bibi harusi. Itaanza na wapambe, naye ataikuta njiani ikiwa imeshachangamka.

Kuna anayeamini kipande hiki kimekuwa cha harusi tangu enzi na enzi. Pachelbel alifariki 1706, kazi hii ikakaa gizani hadi ilipochapishwa 1919, na umaarufu wake wa leo ulikuja baada ya rekodi ya Jean-François Paillard ya 1968. Mtu akikuambia babu wa babu yake aliolea Kanoni ya Pachelbel, mshukuru tu kwa habari.

22 Februari: Jaribio la rekodi, limeshindwa

Mpango wa gharama ndogo ulikuwa kupiga rekodi kwenye spika za kanisa. Tulijaribu na binamu zangu wakitembea kama wapambe.

Sauti ilikuwa safi. Kilichotushinda ni mwisho. Mtembeaji akifika mbele, rekodi haijui. Ukiikata ghafla, kanisa zima linageuka kumtafuta aliyekanyaga waya. Ukiipunguza polepole, inafifia katikati ya sentensi ya muziki, na watu wanabaki wakisubiri kitu ambacho hakiji. Tulijaribu kuandaa faili lililokatwa kwa sekunde 50 kamili. Binamu mmoja akasimama kurekebisha kiatu, muziki ukaisha yeye bado yuko katikati ya njia, peke yake kwenye kimya, akicheka.

Hapo ndipo nilipopata kigezo ninachokitumia hadi sasa: kipande kinafaa kwa ibada kama kina mahali pengi pa kukikatia pasipo mtu kusikia mkato. Na wa kukikata ni mtu anayeona mlango, si mashine.

Gharama ya jaribio ni jioni moja. Gharama ya matokeo yake ni kubwa: sasa tunahitaji wapigaji.

3 Machi: Wapigaji

Tumepata kundi la nyuzi la watu wanne, yaani fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo yenye sauti ya chini) na selo (kubwa zaidi, ya besi), pamoja na mpiga kinanda wa kanisa hilohilo. Wapigaji hawalipwi kwa dakika wanazopiga. Wana muda wa chini wanaotoza, upige nusu saa au upige wote. Tumeutumia muda huo wote, ukiwemo wa wageni kuketi, ambao mwanzoni ungejazwa na rekodi. Kwa hiyo nafasi ya kwanza imepata muziki wa moja kwa moja bila kuongeza malipo.

Kuongeza mpiga tarumbeta kungepandisha malipo ya kundi kwa robo. Tumeahirisha uamuzi.

10 Machi: Mama anataka Wagner

Mama yake wifi alipoona orodha aliuliza, "Ule wa ta-taa-ta-taa uko wapi? Bibi harusi asiyeingia na ule kaingiaje?"

Anausema wimbo wa arusi kutoka opera ya Wagner, *Lohengrin*, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Weimar, 28 Agosti 1850, Franz Liszt akiongoza. Kwenye opera hauimbwi bibi harusi akiingia kanisani. Unaimbwa baada ya ndoa kufungwa, maharusi wakisindikizwa chumbani. Mbele kidogo mke anauliza swali alilokatazwa kuuliza, mume anaondoka zake, na ndoa imekwisha kabla haijalala usiku mmoja.

Desturi ya kuingia na Wagner na kutoka na machi (muziki wa kuandamana) ya mtunzi Mendelssohn ilisambaa baada ya harusi ya binti mkubwa wa Malkia Victoria na Mwanamfalme Friedrich Wilhelm wa Prussia, 25 Januari 1858. Baadhi ya makanisa yanaukataa wimbo huu kwa kuwa ni wa jukwaani, na masinagogi mengi hayaupigi kwa sababu ya maandishi ya Wagner dhidi ya Wayahudi.

Kisa cha opera hakikumtikisa Mama hata kidogo. "Sisi tunasikiliza muziki, hatusikilizi udaku wao." Kilichomshawishi ni wifi mwenyewe, ambaye alimwambia kwa upole, "Mama, naomba hii iwe yangu." Wagner ametoka. Makubaliano ni kwamba Mendelssohn atakuwepo mwishoni, maana Mama lazima atambue angalau kitu kimoja.

17 Machi: Viola haina sehemu yake

Nota za Kanoni zinapatikana bure IMSLP, maktaba ya mtandaoni ya nota ambazo hakimiliki yake imeisha. Nilizichapisha, nikazigawa, nikajiona nimemaliza.

Mpiga viola alinirudishia karatasi yake siku hiyohiyo. Pachelbel aliandika kwa fidla tatu na besi. Kundi letu lina fidla mbili. Sehemu ya fidla ya tatu imeandikwa kwa klefu (alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha nota zisomwe vipi) ambayo viola hutumia mara chache, tena inapanda juu mahali ambapo ala hiyo inakohoa badala ya kuimba.

Njia zilikuwa mbili: kutafuta mpiga fidla wa tatu, au kununua mpangilio ulioandikwa mahsusi kwa watu wanne. Tulinunua mpangilio. Bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya malipo ya mpigaji mmoja. Ila angalia jambo hili: Pachelbel ni wa kila mtu, lakini aliyeandika mpangilio mpya ana haki yake juu ya mpangilio huo. Nakala nne ni nakala nne za kulipia kama leseni inasema hivyo. Soma kabla ya kukimbilia mashine ya kurudufu.

24 Machi: Bibi harusi anaingia na nini?

Tumepata jibu, na halikuwa la kwanza. Nilipendekeza machi ya Jeremiah Clarke, ya mwaka 1700 hivi, iliyopigwa Charles na Diana walipooana 1981. Kwa miaka mingi ilidaiwa kuwa ya Purcell, na bado utaikuta chini ya jina hilo kwenye vitabu vya zamani. Ukiitafuta usiishie kwenye jina moja. Faida yake kwa kazi yetu ni kwamba wazo kuu linarudi tena na tena, na kila linaporudi na kufika mwisho wake unaweza kuondoka kwa heshima.

Tulimwita mpiga tarumbeta aje ajaribu kabla hatujaingia mkataba. Kanisa ni dogo, dari ni ya mbao, sakafu ya mawe. Tarumbeta ilipoanza, nyuzi zilitoweka. Akaziba mdomo wa ala kwa kizibo cha kupunguza sauti, ikawa kama inatokea chumba cha pili. Tukamsogeza nyuma karibu na mlango, basi bibi harusi angepita mbele ya tarumbeta kwa umbali wa mkono, na wifi alinitazama kwa jicho moja tu, nikaelewa.

Mpiga kinanda ndiye aliyetuokoa. Kinanda chake cha mirija kina sauti ya tarumbeta, ambayo hufunguliwa kwa kuvuta kitasa kimoja pembeni. Haifanani na tarumbeta yenyewe, lakini inajaza nyumba bila kuumiza. Robo ile ya malipo imebaki mfukoni.

Bado mwendo ulikuwa haujakaa sawa. Kwa mwendo wa kwenye tamasha machi hii inamfanya mtu akimbie. Ukiipunguza sana inakuwa nzito. Tuliishia kwenye mapigo 66 hivi kwa dakika, na kumwambia wifi asijaribu kukanyaga kila pigo. Atembee anavyotembea. Anayejitahidi kwenda na pigo huanza kuyumba kama bata, na picha hazisahau.

Kwa hiyo: wapambe kwa Kanoni, nyuzi peke yake. Kimya kifupi. Milango inafunguliwa, kinanda kinaanza Clarke. Badiliko la ala lenyewe linawaambia wageni wasimame, hakuna haja ya tangazo.

7 Aprili: Kipimo cha 23

Kwa ajili ya kutia sahihi tulichagua *Ave Maria* ya Gounod, na shangazi wa bwana harusi ataimba. Tulifikiria pia ya Schubert, ya 1825, ambayo asili yake ni wimbo wa msichana kwenye shairi la Walter Scott, maneno ya sala ya Kilatini yakapachikwa baadaye. Beti zake tatu ni ndefu na kila ubeti una mwisho mmoja tu. Gounod ina kitu bora zaidi.

Alichofanya Gounod ni kuchukua Preludi (kipande kifupi cha utangulizi) ya kwanza ya Bach, ile ya Do ya mwaka 1722, akaiacha karibu kama ilivyo, akaweka melodia yake juu. Maana yake ni kwamba msindikizo unajitosheleza. Piano inaweza kupiga Bach peke yake wakati meza inaandaliwa na kalamu zinatafutwa, kisha wakishaketi mwimbaji anaingia juu ya muziki uleule. Kipande kimoja, urefu maradufu, na hakuna anayejua umekipanua. Kutia sahihi daima huchukua muda mrefu kuliko ulivyoambiwa.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Kwenye mazoezi ukagonga mwamba mara mbili.

Kwanza ufunguo. Mpiga piano alikuwa na kitabu chake cha Bach, kwa Do. Nota za shangazi zilikuwa kwa Sol. Hili lilisikika sekunde ya kwanza na likatatuliwa sekunde ya pili: piano ni ya umeme, ina kitufe cha kuhamisha ufunguo.

La pili lilitutoa jasho. Walianza vizuri, wakaenda vizuri, na kupita katikati kidogo kila kitu kikavunjika. Walirudia, kikavunjika palepale. Shangazi alidhani yeye ndiye anayewahi. Mpiga piano alidhani yeye ndiye anayechelewa. Wote wawili walikuwa wanapiga kilichoandikwa mbele yao.

Niliweka karatasi mbili sambamba mezani na kuhesabu vipimo, yaani visehemu vya mapigo ambavyo muziki hugawanywa kwa mistari, kwa penseli. Bach aliandika vipimo 35. Toleo alilotumia Gounod lina kipimo kimoja cha ziada baada ya cha 22, ambacho Bach hakukiandika. Kiliingizwa na mhariri wa baadaye, na wanamuziki hukiita kipimo cha Schwencke. Kwa hiyo hadi kipimo cha 22 kitabu cha Bach na nota za Gounod vinaongozana, na cha 23 kimoja kinamtangulia mwenzake kwa kipimo kizima.

Marekebisho: mpiga piano sasa anatumia nota za Gounod tangu mwanzo, hata pale anapopiga peke yake. Atakayesikia kwamba Bach wetu ana kipimo kimoja zaidi basi amestahili kukisikia.

14 Aprili: Wageni wakiingia

Hatua nyepesi. Vipande vya taratibu, vyote vya nyuzi: Ea ya Bach kutoka kwenye Swiiti (mfululizo wa vipande) ya tatu, Largo ya Handel, *Salut d'Amour* ya Elgar, ambayo aliitunga 1888 kama zawadi kwa mchumba wake, na *Swan* ya Saint-Saëns kwa ajili ya selo. Ile Largo, kwa njia, kwenye opera yake ya 1738 ni wimbo wa mfalme akiusifu mti kwa kivuli kizuri. Hakuna atakayelalamika.

Niliondoa Adagio inayojulikana kuwa ya Albinoni. Aliyeitunga kwa kweli ni Remo Giazotto, ikachapishwa 1958, kwa hiyo haimo kwenye kundi la nota za bure. Ila sababu ya kwanza ni wifi: "Wifi, huo ni wa msibani. Mimi ninaolewa."

Kanuni niliyoweka: viwili vya mwisho kwenye orodha viwe vya kurudiwa, kwa ajili ya kuchelewa.

28 Aprili: Kutoka, na kinanda kisicho na miguu

Mpiga kinanda alitamani Tokata (kipande cha mbio) ya Widor, ya 1879. Nami pia. Lakini inataka kinanda chenye pedali za miguu zenye nguvu, kwa sababu wazo kuu linakaa huko chini huku mikono ikikimbia. Kinanda hiki kina pedali chache zenye sauti ya kunong'ona. Alijaribu ukurasa mmoja, akacheka, akafunga kitabu.

Tulijaribu nyuzi na Handel, *Kuwasili kwa Malkia wa Sheba*, kutoka oratorio (hadithi ya kuimbwa bila kuigizwa) ya *Solomon*. Sehemu za oboe zilipewa fidla. Inapendeza, lakini mtu akitangazwa mume na mke kanisa linapiga makofi na vigelegele, na ala nne zinamezwa zote. Handel amehamishiwa dakika za nyuma, wageni wakitoka nje.

Kutoka ni Machi ya Harusi ya Mendelssohn ya 1842, kwa kinanda, sauti zote zimefunguliwa. Mama ameridhika.

12 Mei: Mazoezi ya mwisho

Mambo mawili yalihitaji kazi.

Mpiga kinanda anakaa ameupa mlango mgongo. Tuliweka kioo kidogo juu ya ubao wa nota na kumsimamisha binamu nyuma kabisa. Mkono ukipanda, maana yake bibi harusi yuko tayari. Ukishuka, maana yake mtembeaji amefika. Kwa Kanoni kiongozi wa fidla ndiye anayetazama. Akiona ishara anatikisa kichwa, na besi inaporudi kwenye Re ya mwanzo wa mzunguko wote wanatua hapo na kushikilia. Fidla ya pili na viola hazimalizi mistari yao, lakini kwa kuwa kila mzunguko huanza kwa mlio uleule wa Re, mkato hausikiki. Kuchelewa kwa juu kabisa ni sekunde kumi.

La pili ni joto. Mirija ya kinanda hupanda sauti kama senti 3 kwa kila digrii 1 ya Selsiasi; senti hapa ni kipimo cha sauti, na semitoni nzima, yaani hatua kati ya vibonye viwili vinavyofuatana vya piano, ni senti 100. Asubuhi nyuzi zilikubaliana na kinanda. Adhuhuri, kanisa likiwa limepata moto, hazikukubaliana tena. Kinanda hakirekebishiki palepale, fidla ndizo zinazokifuata. Wapigaji watachukua sauti ya kinanda upya baada ya wageni kuingia, si kabla, kwa sababu watu mia kadhaa nao wanatoa joto.

18 Mei: Siku yenyewe

Bibi harusi alichelewa. Vile vipande viwili vya kurudiwa vilirudiwa. Kanoni ilikatwa baada ya mpambe mdogo wa maua kuketi chini katikati ya njia na kubebwa. Nje ya sisi tuliojua, hakuna aliyesikia mkato. Clarke ilizunguka mara moja zaidi ya tulivyopanga, kwa sababu baba yake wifi alitembea polepole kuliko mazoezini. Kipimo cha 23 kilipita salama, nikamwona mpiga piano akinitazama pembeni.

Kilichoshindikana ni Handel. Wageni walibaki ndani wakipiga picha na nyuzi hazikusikika kabisa. Ningeanza upya, ningewaweka wapigaji nje mlangoni.

26 Mei: Nyongeza ya gharama na video

Malipo ya wapigaji wanne yalichukua sehemu kubwa ya fedha za muziki, ya mpiga kinanda yakifuata. Mpangilio wa Kanoni ulikuwa kiasi kidogo, nota nyingine bure, na kioo tuliazima.

Video ya ibada ilipopandishwa mtandaoni, mfumo ulidai sehemu ya Kanoni ni rekodi ya kampuni fulani ya muziki. Ni wapigaji wetu, siku yetu, mtunzi aliyefariki 1706, lakini mashine inasikia nota tu. Nilijaza fomu ya kupinga, nikaeleza kwamba ni upigaji wa moja kwa moja, nikaambatisha risiti ya mpangilio tulioununua. Dai limeondolewa. Risiti za nota zitunzwe pamoja na cheti.